Kitufe cha kusimamisha kije mwanzo: kumpangia mzee redio ya flashi, simu na televisheni

Muadhini akianza, redio huzimwa. Katika nyumba za Unguja na Pemba jambo hili halihitaji kuelezwa. Mzee yuko na taarabu yake ya zamani, adhana inasikika, mkono unakwenda wenyewe. Enzi za redio kaseti mkono huo ulikuwa ukifika: vitufe vikubwa vimejipanga safu moja, kila kimoja na kazi yake, ukikibonyeza kinalia na kubaki chini, na kidole kinakijua bila ya macho. Simu ya kioo haina hata moja ya hayo. Mzee anapapasa kioo, sauti inazidi badala ya kupungua, kaswida inarukia nyingine, na mwisho anamwita mjukuu.

Kwa hiyo kipimo cha kazi hii ni kimoja: mzee aweze kusimamisha sauti peke yake, bila ya miwani, kabla muadhini hajamaliza takbira za mwanzo. Chombo kikifikia hapo, mengine yote yanawezekana. Kisipofikia, hata kiwe na uzuri gani, hakimfai.

Yanayomshinda hasa

Mara nyingi husemwa "bibi hajui simu". Ukikaa pembeni ukamtazama, utaona anajua anachotaka. Kinachomkwamisha ni namna kitufe kilivyotengenezwa.

La kwanza ni kitufe kinachojibadilisha. Pembetatu na vistari viwili hukaa mahali pamoja na kupokezana. Alama inayoonekana ni ya jambo litakalotokea ukibonyeza, si la jambo linalotokea sasa. Mzee aliyezoea kaseti anasoma kinyume: akiona pembetatu anadhani kanda inazunguka, kwa kuwa kwenye kaseti kitufe cha pembetatu kilichokwenda chini ndicho kilichokuwa kikifanya kazi. Anabonyeza ili kusimamisha, na sauti inaanza.

La pili ni vitufe vinavyotoweka. Kwenye video, vidhibiti hukaa kiooni sekunde chache tu kisha hufichika. Mzee huhitaji muda kukitafuta kitufe kwa macho, kisha muda mwingine kukipelekea kidole. Kidole kinapofika kitufe hakipo, na mguso ule unafanya kazi nyingine.

La tatu ni ule mstari mwembamba wa kusogeza mbele na nyuma. Fanya hesabu: usomaji wa Suratul Baqara kwa kisomo cha taratibu unaweza kufika saa 2. Kama mstari una urefu wa milimita 60, kila milimita ni dakika 2. Ncha ya kidole ina upana wa milimita 10 hivi, yaani dakika 20. Hakuna mkono, wa kijana wala wa mzee, utakaorejea kwenye aya moja kwa njia hiyo.

Halafu kuna vidole vyenyewe. Kioo cha simu huhisi umeme mdogo unaopita kwenye ngozi. Ngozi kavu, au iliyokomaa kwa kamba za ngalawa, mwani na jembe, hupitisha kidogo, na kioo hakihisi kitu. Mzee huongeza nguvu na kukandamiza kwa muda, na simu inauchukua mguso huo kuwa ni wa kushikilia, ikafungua orodha asiyoitaka. Kumwambia "gusa polepole" hakusaidii. Alowanishe kidole kidogo, au mpe kalamu ya kioo yenye ncha ya mpira.

Simu au redio ya flashi?

Kwa mzee anayetaka kusikiliza tu, Kurani, darsa, mawaidha na nyimbo zake, redio ndogo ya flashi au memori kadi yenye vitufe vya kweli inaishinda simu ya bei yoyote. Usimpe simu kwa sababu tu ipo moja ya zamani kabatini. Simu ina maana pale anapotaka video, au anapopokea sauti za watoto walio mbali.

Unapokwenda dukani, usinunue kabla ya kuijaribu kwa flashi yako mwenyewe. Angalia mambo haya.

Sauti iwe na kidude cha kuzungusha, si kitufe. Kwenye redio nyingi ndogo kitufe kimoja kina kazi mbili: ukikigusa mara moja kinaruka wimbo, ukikishikilia kinaongeza sauti. Hicho ndicho chanzo kikubwa cha malalamiko, na hakuna mpangilio wa kukirekebisha, ukikinunua umekinunua.

Izime, uiwashe tena. Je, inaendelea pale iliposimama, inaanza mwanzo wa faili lile lile, au inarudi kwenye faili la kwanza kabisa? Redio nzuri hukumbuka faili na sekunde. Nyingine hurudi kwenye FM kila inapowashwa, na mzee atasikia mchakacho badala ya kisomo. Umeme ukikatika katikati ya juzuu, tofauti hii utaiona.

Betri iwe ya kutoka. Redio nyingi za aina hii hutumia betri ya BL-5C, ile ya Nokia za tochi, ambayo hupatikana kirahisi. Vitufe viwe vimeinuka juu ya uso wa redio na vipishane angalau nusu sentimita.

Kuipanga flashi

Hapa ndipo wengi wanapoharibu, kwa sababu redio ndogo haipangi mafaili kwa majina. Hucheza kwa mpangilio ule ule ambao mafaili yaliandikwa ndani ya flashi. Ukinakili ovyo, Yasin itakuja kabla ya Fatiha hata kama umeandika namba.

1. Chukua flashi au memori kadi isiyozidi gigabaiti 32. Ifomati kwenye kompyuta, yaani ifute yote na kuipanga upya, kwa mfumo unaoitwa FAT32. Kufuta mafaili tu hakutoshi, kwa sababu nafasi za majina ya zamani hujazwa tena bila mpangilio.

2. Badilisha kila kitu kuwa MP3. Sauti za WhatsApp huja katika muundo wa opus, na rekodi za simu nyingi ni m4a; redio ndogo hazisomi yote mawili, huyaruka kimya kimya. Programu ya VLC ya kwenye kompyuta hubadilisha bure. Kwa mawaidha na kisomo, sauti ya njia moja (mono) kwa kilobiti 64 kwa sekunde inatosha, nayo hula kama megabaiti 29 kwa saa. Kwa taarabu tumia kilobiti 128, ili fidla na ganuni zisikike vizuri.

3. Linganisha ukali wa sauti. Taarabu iliyotolewa kwenye kanda ya zamani huwa ya chini, na hotuba ya kipaza sauti huwa kali. Mzee anaongeza kwa wimbo, kisha hotuba inampasua masikio. Programu ya bure ya MP3Gain hulipima kila faili na kulisawazisha bila kuharibu sauti. Kiwango chake cha kawaida ni desibeli 89, kiache hapo hapo.

4. Majina yaanze kwa tarakimu tatu: 001, 002, mpaka 114. Ukiandika 1, 2, 3, baadhi ya programu na vifaa huweka 10 na 11 kabla ya 2.

5. Yapange kwa jina kwenye kompyuta, chagua yote, kisha yaburute kwa kulishika faili la kwanza. Ukishika la katikati, kompyuta huweza kuanzia hapo. Njia ya uhakika zaidi ni kunakili folda moja moja.

6. Kama umetumia kompyuta ya Apple, flashi itakuwa na vifaili vidogo vilivyofichika vinavyoanza na nukta na mstari wa chini. Redio huviona kama nyimbo, nayo hunyamaza kidogo au hukwama. Vifute kabla ya kumpa mzee.

Sura ndefu zikate. Badala ya faili la saa 2, weka vipande vya dakika 10 hadi 15 vinavyoishia mwisho wa aya. Hapo kitufe cha kuruka kinakuwa ndicho chombo cha kurejea nyuma, na ule mstari mwembamba hauna haja tena. Hii ni kazi ya jioni nzima, lakini ukiniuliza ni kipi kimoja cha kufanya kama una nafasi ya kufanya kimoja tu, ni hiki.

Usijaze. Flashi ya gigabaiti 4 huweza kubeba zaidi ya saa 130 za kisomo kwa kilobiti 64, lakini mzee akibonyeza mara 40 kutafuta wimbo mmoja, amechoka. Bora flashi tatu ndogo, moja ya Kurani, moja ya mawaidha, moja ya nyimbo, kila moja ikiwa na uzi wa rangi yake tunduni. Kuchomeka flashi ni sawa na kutia kanda, na kanda anaijua tangu ujana.

Kutia alama vitufe

Chagua vitufe vitatu tu: simamisha, mbele, nyuma. Vingine vifiche. Kile cha kubadilisha aina ya sauti, cha kurudia na cha kupokea simu ndivyo vinavyoleta fujo; mzee akikigusa cha kurudia, wimbo mmoja utapigwa mchana kutwa.

Futa kitufe kwa spiriti, kiache kikauke. Dondosha tone la rangi ya kucha katikati, subiri dakika 20, ongeza la pili na la tatu. Kiinuke kiasi cha milimita moja. Kitufe cha kusimamisha pekee ndicho kiwe na nundu. Ukitia vyote vitatu umerudi ulipoanzia, kwani kidole hakina cha kutofautisha. Usitumie supaglu: hutiririka pembeni na kukigandisha kitufe. Utepe wa fundi umeme pia haudumu, joto na unyevu wa masika huulainisha gundi yake ukateleza na kuacha utando.

Kwa rangi, manjano juu ya weusi ndiyo inayoonekana vizuri zaidi. Lenzi ya jicho huelekea umanjano kadiri umri unavyosogea, na buluu iliyokoza hukaribiana na nyeusi.

Ukiandika maneno au namba, muulize kwanza anasoma hati gani. Wazee wengi walipita chuoni kabla ya skuli, na tarakimu za msahafuni, ١ ٢ ٣, wanazitambua kwa mbali kuliko 1 2 3. Ila uelekeo wa mishale usiugeuze. Mshale wa mbele unatazama kulia hata kwenye vifaa vya Kiarabu, kwani ulifuata mwendo wa kanda, haukufuata mwandiko. Muulize tu, "Babu, ukitaka ya mbele utabonyeza wapi?" Akionyesha kushoto, usibishane naye, tia alama na umwache mkono wake uzoee.

Ikibidi iwe simu

Anza kwenye mipangilio ya simu kabla ya programu yoyote. Badilisha lugha iwe Kiswahili. Ongeza ukubwa wa maandishi na pia ukubwa wa vitu kiooni, kwani ni mipangilio miwili tofauti, na wa pili ndio unaokuza vitufe. Zima kioo kujizungusha. Ongeza muda wa kioo kabla ya kuzima ufike dakika 10.

Kisha ingia kwenye zana za ufikivu, yaani mipangilio ya kuwarahisishia wenye macho, masikio au mikono dhaifu. Android kuanzia toleo la 10 ina mpangilio wa muda wa kuchukua hatua. Uweke dakika 2. Programu zinazouheshimu zitaviacha vitufe kiooni kwa muda huo. Muda wa kugusa na kushikilia uweke mrefu, ili mguso mzito usigeuke kushikilia. Simu za Samsung zina mengine mawili yanayofaa sana kwa mkono unaotetemeka: muda wa mguso kabla haujahesabiwa, na kupuuza miguso inayojirudia. Anza na nusu sekunde. Washa pia sauti ya njia moja, hasa kama sikio moja limepungua, ili ala zilizorekodiwa upande mmoja zisimpotee.

Programu nzuri ya kuanzia ni VLC, ya bure na isiyo na matangazo. Tangazo linalojitokeza juu ya kitufe cha kusimamisha ni adui wa kazi hii. Ndani ya mipangilio yake ya video, zima ishara zote za vidole: ya kupandisha sauti, ya mwangaza, ya kuburuta kusogeza, na ya kugusa mara mbili kuruka. Hizo ndizo zinazomfanya mzee aseme "simu imefanya kiini macho". Kwenye matoleo mapya ongeza pia sekunde za vitufe kubaki kiooni.

Kwa masikio, fungua ikwalaiza, sehemu ya VLC yenye mistari ya kupandisha na kushusha sauti nene na nyembamba. Uzee huondoa kwanza sauti nyembamba, na ndizo zinazobeba s, sh, f, t na k. Mzee anasikia kuwa mtu anasema ila hapati maneno. Pandisha mistari ya kilohezi 2 hadi 4 kwa desibeli 4 au 6, na shusha iliyo chini ya hezi 125 kwa kiasi hicho. Kwa mawaidha ya msemaji mwenye haraka, punguza kasi iwe 0.85. Chini ya 0.8 sauti huanza kuburuta na humchosha msikilizaji.

Mwisho, bandika programu kiooni kwa mpangilio ulio kwenye sehemu ya usalama, ili mguso wa bahati mbaya usimtoe nje. Ukishabandika, mpigie simu uone kama italia na kama ataweza kupokea, kwa sababu simu hutofautiana. Kama hailii, bandua.

Kuna msaada mwingine usiojulikana na wengi: rimoti ndogo ya blututhi, ile ya kufunga kwenye usukani wa gari. Ina vitufe vitano vya kweli, hutumia betri ya kidonge ya CR2032, na unaweza kuifunga kwenye mkono wa kiti au ubavuni mwa kitanda. Kasoro yake ni kuwa baadhi hulala zikikaa bila kuguswa, na mbonyezo wa kwanza huziamsha tu. Mwambie mzee mapema, asije akadhani imekufa. Vitufe vya waya wa spika za masikioni havifai: kimoja hufanya kazi tatu kwa kuhesabu mibonyezo, na mkono ukitetemeka mmoja huwa miwili.

Televisheni

Tatizo kubwa la rimoti ni kitufe cha kuchagua chanzo. Kikiguswa, kioo kinaandika hakuna mawimbi, na king'amuzi kinalaumiwa bure. Kata kipande cha plastiki gumu, toboa matundu ya kuwasha, kunyamazisha, sauti na chaneli, kisha kifunge juu ya rimoti kwa mpira. Usizibe ncha ya mbele inayotoa mwale. Ukitaka kujua kama rimoti ni nzima, ielekeze kwenye kamera ya simu na ubonyeze. Kwenye kamera nyingi mwanga utaonekana kiooni. Nyumba yenye rimoti mbili, ya televisheni na ya king'amuzi, sauti ipandishwe mpaka katikati kwenye televisheni kisha rimoti hiyo iwekwe mbali. Abaki na moja.

Kwa vijana wanaotengeneza programu

Tenganisha kucheza na kusimamisha. Vitufe viwili, kila kimoja mahali pake daima, na kinachofanya kazi kionekane kimezama kama cha kaseti. Kiwango cha chini cha Android cha kitufe ni dp 48 (dp ni kipimo cha Android cha ukubwa wa vitu kiooni). Kwa mzee tumia dp 96, ambazo ni kama milimita 15 kiooni, na nafasi ya dp 24 kati yao. Tofauti ya rangi kati ya alama na mandhari inatakiwa isipungue 3 kwa 1. Lenga 7 kwa 1.

Mguso uhesabiwe kidole kinapoondoka, na mguso wa pili ndani ya milisekunde 600 upuuzwe. Kitufe kijibu kwa macho ndani ya moja ya kumi ya sekunde, na simu itikisike kidogo. Asipoona jibu atabonyeza tena. Kusimamisha kuwe kwa papo hapo, bila kufifisha sauti. Kitufe cha nyuma kirudi sekunde 15. Akianza tena baada ya kusimama, programu irudi sekunde 10 yenyewe, na kama alikwenda kusali dakika nyingi, irudi 30, apate kushika maana pale alipoachia. Usiweke jambo lolote linalofikiwa kwa kuburuta au kushikilia tu.

Kumkabidhi

Mkabidhi asubuhi, akiwa hajachoka, na chombo kikae mikononi mwake. Mikono yako iweke mapajani. Ukimnyang'anya kumwonyesha, somo limekwisha. Mfundishe kusimamisha kwanza, mara tano, kabla hata ya kuanzisha. Kisha sauti. Siku hiyo ishie hapo. Mbele na nyuma ziwe za kesho.

Baada ya siku tatu mjaribu bila kumwambia kuwa ni mtihani: "Bibi, hebu nisimamishie kidogo." Hesabu kimoyomoyo. Zikipita sekunde 5, tafuta kasoro kwenye chombo: nundu imebanduka, kioo kimejifunga, au programu imejisasisha na kukisogeza kitufe. Hiyo ya mwisho hutokea sana, kwa hiyo zima kujisasisha kwa programu hiyo kwenye duka la programu la simu (Play Store), uisasishe mwenyewe unapokuja kumtembelea na uangalie kama vitufe bado vipo palepale.

Kwa nyumba za karibu na pwani, fungua redio kila mwezi uangalie vishikio vya betri. Hewa ya chumvi huvifanya vya kijani, na redio huanza kuzima yenyewe katikati ya kisomo. Visugue kwa ufutio wa penseli, pangusa kwa kitambaa kikavu, rudisha betri. Tundu la flashi lielekezwe chini inapokaa, vumbi lisiingie.